Uchambuzi wa kisa: Mhudumu wa ndege aliyekwenda Salalah, nyumbani akasema yuko kozi

Kabla ya kisa

Niliruka kama mhudumu wa ndege miaka kumi na moja. Sasa niko chini, na mojawapo ya shughuli zangu ni kuwasikiliza wahudumu wa ndege wa Afrika Mashariki walioajiriwa na mashirika ya Ghuba, hasa wanapofika mahali mtu anaanza kujitilia shaka mwenyewe. Mimi si daktari. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya mhusika, na amekisoma kabla yenu. Shirika, kituo chake cha kazi, mwaka na majina nimeviondoa. Mji wa kwao na mahali pa likizo ameniruhusu kuviacha, maana bila hivyo kisa hakieleweki. Majina yetu yanafanana, kwa hiyo nitamwita Somo.

Usuli

Somo ni wa Tanga, kifungua mimba, baba ameshatangulia mbele ya haki. Alikuwa mwaka wa sita kazini. Anaishi nyumba ya kampuni, chumba chake kina pazia zito la kuigeuza saa sita mchana kuwa usiku wa manane. Mwezi uliotangulia kisa, rosta yake, yaani ratiba ya safari, ilikuwa Manila, Frankfurt, Johannesburg na Toronto, na katikati siku sita za stendbai: sare imepigwa pasi, nywele zimefungwa, simu mkononi, unasubiri kuitwa au kutoitwa.

Watu hudhani kinachochosha ni kusimama. Kusimama kunachosha miguu tu. Hewa ya kabini ina unyevu usiofika asilimia 20, na shinikizo lake ni kama la mlimani, mita 1,800 hadi 2,400, juu kuliko Lushoto. Juu ya hayo kuna saa ya mwili. Makadirio ya kawaida ni kwamba mwili unahitaji siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti. Ukienda Toronto, tofauti saa saba au nane, ukalala hoteli usiku mmoja ukarudi, mwili hautoki huko wala haufiki huku.

Likizo zake tatu za mwisho zote alikwenda Tanga. Nilimwomba aniandikie likizo moja ilivyokwenda, akaniletea ukurasa mzima. Masanduku mawili ya kilo 23, na ndani yake nguo zake mwenyewe ni za kujaza mfuko wa plastiki. Kilichobaki ni maziwa ya unga, manukato, udi, tende, simu ya mtoto wa mjomba. Dar hadi Tanga kwa basi. Wageni kuanzia jioni ileile. Michango mitatu ya harusi, mmoja wa watu asiowajua. Binamu anataka "kuunganishwa" kazi. Chini ya ukurasa ameandika, bila maelezo: "Siku ya nane nilijikuta nawagawia wageni chai kwa sinia, nimeegemea upande wa kushoto, kama vile kuna ujia."

Mkono kwenye mlango

Kwa wasioruka: mlango wa ndege ukiwa umetegwa, mtu akiufungua, mtelezo wa dharura unafyatuka na kujaa hewa ndani ya sekunde chache. Ajali ikitokea hiyo ni kheri. Ndege ikiwa imeegeshwa na kuna mtu nje anasogeza ngazi, unaweza kumuua. Ndiyo maana ndege ikisimama kila mhudumu anautegua mlango wake, kisha anaukagua wa mwenzake aliye upande wa pili, na mwenzake anaukagua wake.

Alfajiri moja, ndege imetoka safari ya usiku kucha, Somo alimwambia mwenzake "tayari" naye hajagusa kitu. Halafu akashika mpini. Mwenzake, dada wa Kifilipino, alimdaka kifundo cha mkono. Hakupiga kelele wala hakusema neno. Alimshika tu, wote wawili wakakitazama kidude kinachoonyesha mlango bado umetegwa. Abiria wa kwanza alikuwa ameshasimama nyuma yao na begi lake.

Hakuna aliyeumia, na hakuna ambaye angejua. Somo akajaza mwenyewe ripoti ya uchovu siku hiyohiyo. Katika kisa chote huu ndio uamuzi ninaousifu kupita yote, nao ulifanyika kabla hajafikiria likizo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga wa Kiraia, ICAO, linauhesabu uchovu kuwa hali ya mwili inayopunguza uwezo wa kufanya kazi, si udhaifu wa tabia, na fomu zile zipo kwa ajili hiyo. Lakini wangapi wetu huzijaza? Tunaogopa kuonekana wavivu.

Alipewa likizo ya siku kumi na moja kutoka kwenye akiba yake.

Uamuzi wa pili: wapi, na kumwambia nani

Alikuwa na njia tatu. Tanga. Phuket, Thailand, pamoja na wenzake wawili wa nyumba ambao tiketi walikuwa nazo. Au Salalah, kusini mwa Oman, ambako rafiki yake mmoja alishawahi kwenda.

Phuket aliikataa kwa hesabu nzuri: saa tatu au nne mbele, na wale wenzake wanakwenda kukesha. Salalah ilikuwa karibu, saa za mwili hazisogei, na ilikuwa Julai. Julai ya Ghuba joto linapita nyuzi 40 na hata kutembea hadi dukani ni adhabu. Dhofar, mkoa wenye mji wa Salalah, kipindi hicho inapata khareef: kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba upepo wa kusi, huu huu wa kwetu, unaleta ukungu na manyunyu kutoka Bahari ya Hindi, milima inageuka kijani, joto linakuwa la nyuzi ishirini na kitu. Kama kilomita 1,000 kwa barabara, kaskazini-mashariki, Muscat inaungua.

Tanga aliikataa kwa sababu moja ambayo hakuwa na ujasiri wa kuisema. Akaogopa mama atauliza: nafasi ya kwenda Oman unayo, ya kuja kwenye harusi ya binamu yako huna? Kwa hiyo akasema yuko kozi. Kila mwaka wahudumu tunarudia mafunzo ya usalama, mama analijua hilo, na anajua darasani simu huzimwa. Uongo ulikaa vizuri kama gauni la kupimiwa.

Siku tisa

Siku mbili za kwanza alilala. Aliamka, akala ndizi, akalala. Siku ya tatu aliamka akafungua dirisha akakuta ukungu mpaka kwenye kingo za dirisha, na kimya cha namna ambayo, anasema, masikio yake yaliendelea kuitafuta injini.

Siku hiyo alitembea hadi Dahariz, kwenye mashamba ya minazi ya pwani. Kando ya barabara kuna vibanda vya madafu, mikungu ya ndizi imening'inizwa mbele, mapapai yamepangwa, miwa. Muuzaji alikuwa Mhindi wa Kerala. Alikata dafu kwa mapigo matatu, akatoboa, akachomeka mrija. Somo akanywa, kisha akamrudishia na kumwonyesha kwa ishara apasue. Yule bwana akalipasua, akachonga kijiko kwenye ganda lile lile na kumpa ale nyama. Somo alidhani kijiko cha ganda ni cha Tanga peke yake. Alikaa kwenye kreti la soda akala hadi mwisho, mvua ile isiyoonekana inamlowanisha ushungi, na ndipo alipogundua kwamba tangu amefika hajamtabasamia mtu yeyote, na kwamba taya halimuumi. Hakuwa amejua kuwa lilikuwa likimuuma.

Mengine nayapita haraka, maana ni ya utalii. Wadi Darbat, ngamia wamesimama barabarani kama wenye nyumba. Mughsail, ambako bahari inapigwa chini ya mwamba na kutokea juu kwenye matundu kwa mlio wa pumzi. Al Baleed, magofu ya bandari ya kale iliyokuwa ikisafirisha ubani, ambayo pamoja na maeneo mengine matatu ya Dhofar iliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000.

Ubani wenyewe ndio uliomkalisha. Katika soko la Haffa wanauza kwa daraja, na bora ni wa Hojari, mweupe wenye ukijani kidogo, kama chumvi ya mawe iliyopitiwa na majani. Mwenye duka alimweleza mti unavyochanjwa, machozi yake yakaachwa yagande kabla ya kukwanguliwa. Akatupia punje mbili kwenye chetezo. Somo anasema hakukumbuka chochote kikubwa. Alikumbuka mkono wa mama yake jioni ya Alhamisi ukipepea moshi kuelekea kwenye mapazia, na mama akisema, "Fungeni mlango, mnautoa nje." Akanunua robo kilo.

Simu

Muda wote huo alikuwa na kazi moja ambayo hakuihesabu kuwa kazi. Kila akipiga simu ya video nyumbani alitafuta ukuta. Ukuta mtupu, usio na dirisha, usioonyesha kitanda cha hoteli. Alikuwa na saa zake za kupiga, "wakati wa mapumziko ya darasa".

Siku ya saba mdogo wake alimpigia mchana. Jirani yao wa nyumba ya pili, bibi aliyemlea Somo nusu ya utoto wake, alikuwa amefariki usiku na kuzikwa asubuhi ile. Somo aliipokea simu hapo alipokuwa, Dahariz, kwenye kreti lake. Mdogo wake akampa mama simu. Walilia kidogo. Halafu mama akanyamaza, akaisogeza simu karibu na macho.

"Mwanangu, huko darasani kuna minazi?"

Somo akamweleza yote, kuanzia mlango. Mama hakukatiza. Mwishoni akauliza, "Kwani nilikukatalia kupumzika?" Kisha akasema jambo ambalo Somo amelirudia kwangu mara nyingi: kwamba yeye Somo akija, mama hupika kwa ajili ya watu thelathini, huazima masufuria mitaa miwili, na akishaondoka mama hulala wiki nzima mgongo unamuuma. "Naona aibu kukwambia, utadhani sikutaki."

Iliwachukua saa moja na nusu. Somo akataka kukatisha likizo aende msibani. Mama akamwambia maiti imeshazikwa, angewahi mwisho wa matanga tu, naye Somo amechoka. Somo akabaki, akatuma ubani wa shilingi laki mbili kwa simu, na usiku ule akafukiza punje za Hojari kwenye kisahani cha hoteli hadi mhudumu wa zamu akaja kugonga kuuliza kama kuna moto.

Kurudi

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na wa kulaumiwa ni yeye.

Tiketi ya wafanyakazi ni ya bei ndogo, lakini hupandi mpaka waliolipa wote wamepanda na kiti kimebaki. Kila mhudumu wa ndege anaijua kanuni hiyo kama anavyolijua jina lake. Salalah katikati ya khareef inajaa familia za Oman na za nchi jirani, viti havibaki. Somo alijiwekea akiba ya siku moja. Ndege ya kwanza ilijaa, ya pili ikajaa, na kwenye orodha ya kusubiri alikuwa wa kumi na nne. Akachukua basi la kwenda Muscat, saa kumi na mbili jangwani, akitumaini kupata kiti huko.

Kwenye kituo cha Haima, katikati ya njia, alimsikia mama mmoja mtu mzima akizungumza na simu kwa Kiswahili cha Unguja, kile chenyewe. Akamsogelea. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Wa wapi wewe?" Tanga. Bibi akashika kifua. Alikuwa amehamia Oman na mumewe miaka ya sabini, katika lile wimbi la Wazanzibari wenye asili ya Oman waliorudi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, wengi wao maisha yalishawavuruga tangu mapinduzi ya 1964. Hakuuliza habari za siasa. Aliuliza kama Tanga asubuhi bado wanauza mbaazi za nazi barabarani, na kama bado wanazifunika kwa sahani ya bati. Akatoa kwenye kikapu kipande cha mkate wa kumimina kilichofungwa kwenye karatasi, akakikata katikati.

Somo alitaka niandike kwamba mazungumzo hayo yalimbadilisha. Nimemwambia naandika kwamba walikula mkate.

Muscat alipata kiti cha jioni. Alifika chumbani saa nne usiku, hajalala kitu cha maana tangu juzi yake, na anatakiwa kuripoti kazini saa kumi na moja alfajiri. Akapiga simu kitengo cha rosta akasema hafai kuruka.

Matokeo

Alipoteza posho ya safari ile na rekodi yake ya mahudhurio ikaingia doa. Alipoitwa kujieleza alieleza ukweli, kwamba alichelewa kwa kupanga vibaya, na akakubali onyo la maandishi. Miezi mitano baada ya hapo, tulipofanya mazungumzo ya mwisho, alikuwa bado anaruka, analala vizuri zaidi, na hajaligusa tena kosa la mlango. Siwezi kudai likizo ndiyo iliyofanya hivyo. Alibadilishiwa pia rosta, safari ndefu zikapungua.

Uchambuzi

Niseme kwanza kosa langu. Mwaka uliotangulia, Somo aliponiambia amechoka, nilimjibu kama wote tunavyojibu: nenda kwenu, mama atakupikia. Sikumuuliza kwenu kukoje. Nilikuwa na picha ya nyumbani kichwani, nikamgawia kama juisi ya kuwakaribisha abiria.

Ukitazama saa za mwili tu, Tanga na Salalah hazitofautiani sana. Zote ziko karibu na saa za Ghuba. Hewa ya Tanga Julai ni nzuri. Kwa hiyo maelezo ya "mazingira tulivu" hayatoshi. Kilichotofautisha ni kwamba Salalah hakuwa na cheo. Kazini yeye ni mhudumu, nyumbani ni kifungua mimba aliye nje, na vyeo hivyo viwili vinafanana kuliko tunavyopenda kukiri: unasimama wengine wamekaa, unajua nani anataka nini kabla hajasema, uso wako ni sehemu ya huduma. Lile taya lisilouma ndilo kipimo bora kuliko dodoso lolote nililowahi kuwapa watu.

Uchaguzi wa mahali ulikuwa mzuri kwa sababu aliutazama ulivyo kwenye saa na kwenye hali ya hewa, si kwenye picha. Siku mbili za kulala bila mpango zilikuwa nzuri zaidi. Wengi wetu tukipata likizo tunaijaza kama trei.

Uongo ulimgharimu kuliko alivyodhani. Yeye aliuona kama ukuta wa kumkinga. Mimi nauona kama stendbai. Mtu aliye stendbai hafanyi kazi, lakini hapumziki, sikio lake liko kwenye simu. Siku saba za likizo alikuwa anapanga kuta na saa za kupiga. Aliniambia kwamba usingizi mzito kupita wote aliupata usiku wa siku ya saba, usiku wa msiba, harufu ya ubani imejaa chumbani, na siri haipo tena.

Na ule uongo ulilinda kitu ambacho hakikuwapo. Kwa miaka sita, mtoto anajitutumua kwa ajili ya mama, mama anajitutumua kwa ajili ya mtoto, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye anayetaka watu thelathini mezani. Wageni nao, nadhani, wanakuja kwa sababu wasipokuja itaonekana wamesusa.

Suala la msiba tumelijadili kwenye kikundi chetu na hatukukubaliana. Mmoja, Mkenya wa Malindi, alisema asingelala hata usiku mmoja zaidi. Bibi aliyekulea ni mama. Mwingine akasema wangapi tumefika misibani tukiwa mizigo, wa kupokelewa na kupikiwa. Mimi naona uamuzi ulikuwa sahihi kwa sababu haukuwa wa Somo peke yake; mama ndiye aliyeutoa. Angebaki Salalah kwa siri, huku akisema kozi haimruhusu, ningeandika mengine.

Kurudi ni somo la wazi na sitalirefusha. Msimu wa watu, tiketi ya kusubiri: weka siku tatu za akiba, au nunua tiketi kamili ya kurudi, hata ikila nusu ya bajeti. Ila ile simu ya saa nne usiku naitenga na uzembe wa mipango. Somo wa miezi miwili nyuma angevaa sare akaenda, akasimama kwenye mlango wake akasema "tayari".

Ufuatiliaji

Disemba alipata siku kumi, akaenda Tanga. Safari hii walikubaliana yeye na mama kwa simu, kwa vituo kama mkataba: hakuna atakayeambiwa tarehe, siku tatu za kwanza mlango wa mbele unafungwa, zawadi sanduku moja, michango kiasi kimoja kilichopangwa, kikiisha kimeisha. Mdogo mtu alicheka akasema mtaani kwao siri haikai hata adhuhuri.

Ilikaa hadi siku ya pili alasiri. Shangazi alipiga hodi, amesikia. Mama akatoka barazani, akamwambia Somo amefika kweli lakini amelala, kazi zile wanakesha, masikini, mwacheni. Wakakaa hapo nje wakazungumza hadi magharibi. Somo hakuwa amelala. Alikuwa jikoni kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi ya mbaazi za kesho, polepole ili isisikike.